Kiti cha Mwalimu Corinne

Mama wa marehemu alimkumbatia Ofelia Trujillo mlangoni mwa kanisa, akamshukuru kwa kumpa binti yake kiti.

"Angani ndiko alikotaka kwenda tangu utotoni," alisema huku akilia.

Renata, binti wa Ofelia, alikimbilia nyuma ya magari yaliyoegeshwa, akajificha.

Habari ya kile kiti mji mzima uliijua. Kampuni ya kupeleka watalii angani, yenye kituo chake kule jangwani, ilichezesha bahati nasibu kwa wenyeji, na Ofelia akashinda. Safari ilipokaribia, akamwachia Corinne Baca, mwalimu wa sayansi. Chombo kilipaa vizuri, kikatua vizuri. Walipokifungua, abiria wote walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa.

Watu walimsifu Ofelia kwa ukarimu wake. Renata alijua mengine. Kwa hofu ya kumpoteza mama yake, alikuwa amempigia simu kwa siri daktari wa kampuni, akamdanganya kwamba mama ana ugonjwa wa moyo. Haikupita wiki, Ofelia akatangaza kuwa kiti ni cha Corinne. Renata akaelewa: wamemkataa, naye anaficha. Mwanamke aliyeendesha ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya pilipili ujana wake wote angekirije kwamba amekataliwa?

Jioni hiyo walikaa mezani, mchuzi wa pilipili mbichi na nyama ukipoa mbele yao.

"Kula, mwanangu. Umekonda mpaka suruali inakukimbia."

"Mama, mimi ndiye niliyemuua Corinne."

"Acha upuuzi wako."

"Nilimpigia daktari wao. Nikamwambia moyo wako mbovu. Ndiyo maana wakakutoa, na yeye akaingia." Akasukuma sahani yake pembeni. "Wanafunzi wake walikuwa wanaimba pale kanisani, Mama. Sikuweza hata kuwatazama."

Ofelia aliweka kijiko chini. Akainuka, akamshika binti yake kichwa, akakilaza kifuani pake.

"Kumbe ni wewe! Yule daktari aliniita, akanipima upya. Akasema moyo wangu una nguvu kuliko wake. Tulicheka sana siku ile."

"Hawakukutoa?"

"Nani anitoe? Kiti kilikuwa changu mpaka nilipokiacha mwenyewe."

Renata alilia kama mtoto, mzigo wote ukimshuka mabegani. Akamkumbatia mama yake kiunoni.

"Basi ulimpa kwa upendo tu," alisema. "Hukuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa na kosa."

Ofelia alijitoa mikononi mwake, akarudi kitini.

"Fundi mmoja wa kituoni alininong'oneza kwamba mlango wa kile chombo unavujisha hewa," alisema. "Nikaona nikijitoa, watu watasema Ofelia ameogopa. Nikampa Corinne kiti, nisimwambie neno."