Kisomo cha Kumsafisha Mheshimiwa

Asubuhi ile Mwajuma alifungua mlango akakuta kafi jingine limeegemezwa ukutani. La nne wiki hiyo. Hakuhitaji kuuliza maana yake. Mikindani nzima ilikuwa ikiijua, na Mtwara pia.

Mdogo wake Ismaili, mbunge, alikuwa London. Redio ilitangaza kwamba amesimama mbele ya Wazungu akawasema wakimbizi waliovuka Ruvuma kukimbia vita vya Mreno. "Kwetu husemwa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," redio ilimnukuu. "Hawa jembe tumewapa, mwaka wa nne huu. Kilichobaki ni kuwapa kafi warudi walikotoka." Wazungu, ilisemekana, walicheka na kupiga makofi.

Huku hakucheka mtu. Gazeti lililoletwa na ndege, maana barabara ilikuwa imekatika kwa masika, lilimwita kibaraka ukurasa wa mbele. Lingine lilimchora akimpigia Mreno saluti. Vijana wa chama wakaandamana Mtwara mjini, makafi mabegani, wakiimba avuliwe ubunge. Kweli Ismaili alikuwa mtu wa mambo ya kale. Alipinga sketi fupi, alipinga mashamba ya ujamaa, alipinga hata wasichana wa shule kukimbia mbio uwanjani. Lakini kumtosa mkimbizi mtoni? Mwajuma alimlea tangu mama yao alipofariki, mtoto hajaota hata meno ya mbele. Alimjua. Jina la Ismaili ndilo lilikuwa mali pekee ya nyumba ile, na sasa lilikuwa likiburutwa matopeni.

Kilichomuuma zaidi ni Deolinda. Mkimbizi yule wa Kimakonde aliingia uani kwake na watoto wawili na sufuria moja, na aliyemleta, akasema "Dada, mpe chumba," ni Ismaili huyo huyo. Sasa alikuwa akikunja mkeka wake.

"Deolinda, hayo magazeti ya Wazungu. Wamemzulia."

"Dada, Mzungu methali ya jembe kaijulia wapi?"

"Kapewa na maadui zake. Siasa hiyo, we huijui."

Deolinda alijitwika sufuria. "Mie nakwenda zangu Mtawanya, dada. Wewe sina ubaya nawe. Ila kulala kwenye nyumba yake siwezi tena."

Mwajuma alilia siku hiyo, kilio cha hasira. Miaka minne wamekula sahani moja! Na majirani nao, wale waliokuwa wakijazana barazani kuomba barua za kutafutia kazi, walipita mbele yake wakitazama juu kama wanaohesabu nazi. "Mchuma janga hula na wa kwao," walisema, tena kwa sauti, ili asikie.

Jumanne ikaja telegramu. Karani wa posta alimsomea mara tatu: MANENO SI YANGU. USIFANYE LOLOTE. NARUDI.

Aliibusu karatasi ile. Usifanye lolote! Ndiye Ismaili wake huyo. Hata akitukanwa, hataki dada yake ahangaike. Lakini Mwajuma alikuwa amekwisha kuamua. Alifunga ubani kwenye pindo la kanga akaenda kwa Sheikh Shabani.

"Nataka Albadiri," alisema.

Sheikh alikunja uso. Albadiri si dua ya kuombea mvua. Ikisomwa juu ya mwongo humwandama popote alipo, na watu wengi hawapendi hata kuitaja. "Asomewe nani?"

"Jina sitaji. Yeyote aliyesema uongo juu ya maneno haya. Awe mwandishi, awe jirani, awe Mzungu. Avimbe, apofuke, ajulikane."

"Tuipe siku tatu basi. Huenda mwenye kosa akajitokeza akatubu."

Ikatangazwa msikitini. Siku tatu zikapita, hakujitokeza mtu. Ijumaa baada ya alasiri wanaume arobaini walikaa kwenye majamvi wakayasoma majina ya watu wa Badri, moja baada ya jingine, ubani ukifuka. Mwajuma, nyuma ya pazia, aliitikia amina kuwashinda wote.

Ismaili alirudi Jumapili. Pale uwanja wa ndege, mbele ya waandishi waliotoka Dar es Salaam, aliapa wallahi billahi kwamba hakuyatamka maneno yale, kwamba magazeti ya Ulaya yamempachika. Alisema vizuri, machozi yakimlengalenga. Umati ulionuna ukaanza kulegea. Kabla ya magharibi majirani walikuwa wamerudi barazani mmoja mmoja, wakikohoa kwa haya, na mtu alikwisha kutumwa Mtawanya kumfuata Deolinda. Mwajuma alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Alimtengea mdogo wake wali wa nazi na changu wa kukaanga, akarudishia mlango. Ndipo akampa habari aliyokuwa akiihifadhi kwa fahari.

"Waliokuzulia hawafiki mbali, Ismaili. Ijumaa tumewasomea Albadiri."

Mkono wa Ismaili ulisimama juu ya sahani. "Mmemsomea nani?"

"Kila aliyesema uongo juu ya jambo hili. Hatukubagua."

Nje watu walikuwa wakimwita mheshimiwa atoke awasalimu. Hakutoka. Aliisukuma sahani, akainuka, akaenda kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Alirudi akamwinamia dada yake sikioni.

"Dada," alinong'ona, "nani hapa mjini anajua kuitengua?"