Nungunungu na Ubao wa Masizi

Zamani, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, Nungunungu alifiwa na mumewe. Arobaini ilipokaribia, aliogopa kwamba anaanza kuisahau sura ya marehemu. Akatwaa ubao uliopakwa chokaa ili amchore. Alichora kwa mwiba wake mwenyewe, kama alivyozoea, na kila alipoona sura haijaja, aliongeza mistari.

Kanga alipita, akatazama. "Shoga, huyu ni marehemu au kichaka?"

Nungunungu akainamisha kichwa. Fuko, asiyeona, alikuwa akichimba hapo karibu. Akasema, "Mama, paka ubao wote masizi, kisha ufute."

"Wewe usiyeona ndiye utakayenifundisha kuchora?"

"Kwetu chini ni giza tupu, mama. Nikitaka njia siongezi kitu. Naondoa udongo."

Nungunungu alifikiri, kisha akachukua masizi ya chungu, akapaka mpaka ubao wote ukawa mweusi. Akaanza kufuta kwa kidole, polepole. Likatokea paji la uso, likaja shavu, mwishowe jino la mumewe lililovunjika.

Kanga akasogea karibu. "Mbona anacheka?"

"Ndivyo alivyonicheka kila nilipokosea."

Siku ya arobaini ubao ulisimamishwa mlangoni. Wageni walipomaliza kuomba, Nungunungu alisema, "Mwaka huu Mungu amenipunguzia mengi. Sikujua kwamba kuna kuchora kwa kupunguza."

Kisha akaenda jikoni, akapakua chakula, na sahani ya kwanza akampa Fuko.