Mkono wa Kuazima

"Ukiulizwa jina, wewe ni Zulmira," Dona Zulmira alinong'ona, akimsukumia jirani yake kadi ya chama cha samba. "Na usicheke."

Dona Cleonice alikuwa ameshaanza kucheka. Picha kwenye kadi ilikuwa imechakaa kwa jasho la miaka thelathini, hata usingejua aliyepigwa ni bibi au ni kinyago. Akaitia kifuani, akapanda ngazi za ukumbi polepole, akisimama mara tatu kuvilaumu viatu vyake vipya.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya kanivali. Kina mama wa kundi la baiana, wale wanaozunguka njia nzima ndani ya sketi za matao zenye kilo kumi na tano, walikuwa wakigawiwa mavazi. Wenye presha waliorodheshwa pembeni. Hao hawapati sketi mpaka wapimwe na muuguzi mgeni aliyeletwa kutoka zahanati. Zulmira alikuwa kwenye orodha. Cleonice hakuwemo, na sketi yake ilikwishafika nyumbani tangu jana. Majigambo yake, ambayo mtaa mzima uliyachoka, ni kwamba hakuna daktari aliyewahi kumshika mkono.

Zulmira hakuhitaji mashine kumwambia hali yake. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu Jumanne, na pete ya ndoa haikuvuka tena kifundo cha kidole. Kidonge cha presha, kile cha kutoa maji mwilini, alikuwa amekiacha wiki mbili.

Hakuwa mjinga, alikuwa na aibu. Mwaka jana siku ya maonyesho alichelewa kukimeza, akakimeza saa kumi jioni, na katikati ya barabara, mbele ya majukwaa yaliyojaa watu, maji yakamshinda. Yakateremka ndani ya sketi mpaka kwenye viatu vyeupe, naye akaendelea kuzunguka na kutabasamu huku akilia. Hakuna aliyeona. Lakini alijiapiza kwamba jambo lile halitamkuta tena.

Na mwaka huu kukosa hakukuwezekana. Wimbo wa mwaka huu ulikuwa wa wafua nguo wa mlimani kwao, na katika ubeti wa pili lilitajwa jina la Idalina, mama yake, aliyezikwa na mikono iliyochubuliwa na sabuni. Maelfu ya watu wangemwimba Idalina, na mwanawe akae nyumbani kwa sababu ya mpira wa kupimia presha? Usiku na mchana alikuwa akimwomba Mungu jambo hilohilo moja: acha nicheze, halafu unichukue ukitaka.

Mkuu wa kundi alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti: atakayedanganya kwenye kipimo, yeye na aliyemsaidia, hawatavaa sketi tena maishani. Zulmira alisikia. Akakaa kwenye benchi kando ya pazia, kadi ikiwa ndani na Cleonice.

Alisikia mashine ikivuma. Kimya. Ikavuma tena. Muuguzi akaomba mkono wa pili.

"Mia mbili kwa mia na ishirini, Dona Zulmira. Dawa umeacha lini?"

Zulmira alihisi benchi linazama. Ameniharibia, akawaza, huyu na vichekesho vyake ameniharibia. Akauma ncha ya kilemba asipige kelele.

"Wiki mbili," Cleonice alijibu kwa ufasaha, kama walivyopanga endapo ataulizwa. "Zinanikojosha, mwanangu."

Muuguzi hakugomba. Alieleza taratibu kwamba kidonge humezwa asubuhi mtu akishaamka, ili safari za chooni ziishe mapema na jioni ibaki ya kucheza. Kwamba asimeze viwili kufidia kilichopita, asiache bila kumwambia daktari, apunguze chumvi, na akisikia kizunguzungu au miguu ikimkaza arudi zahanati.

"Kichwa hakikuumi, kifua hakikubani? Basi kimeze ukifika tu nyumbani, kesho asubuhi tena, na Jumatatu urudi nikupime. Ikishuka, sketi yako ipo."

Zulmira alifumba macho. Siku mbili za dawa! Amepata nafasi. Machozi yakamtoka kwa furaha, na muuguzi bado alikuwa akisema.

"Bahati yako, mama, unajua unaumwa, na dawa unayo. Mimi ninaowaogopa ni wale wasiojua. Hao huanguka barabarani huku wanacheka."

Pazia likafunguka. Cleonice akatoka, uso umemwiva, ameshika nguzo kuvuta pumzi, akampa Zulmira cheti huku akikonyeza.

"Shoga, mashine yao mbovu. Eti mimi, presha! Lakini si umepata unachotaka? Twende, nina maharage yangu na nyama ya chumvi jikoni, na mazoezi ya mwisho ni saa tisa."

Zulmira alikisoma cheti. Jina lake, namba mbili za presha, mhuri. Ukumbini wapiga ngoma walikuwa wameanza kuujaribu ubeti wa pili, na mtu mmoja akaliimba jina la Idalina peke yake, kwa sauti nzuri. Cleonice alikuwa ameshamshika mkono kumvuta mlangoni.

Zulmira aliuchomoa mkono wake, akarudi, akafungua pazia.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi, "Zulmira ni mimi. Uliyempima ni huyu anayeondoka, na huyu hajui."