Herufi Mbili za Mnunuzi

"M.N. ni kifupi cha Mfongo Ndelilio," alisema mgeni kwa Kiingereza, kisha akaningoja nitafsiri.

Alitoka nchi ndogo ya kisiwani, na alikuwa akitueleza sisi wakulima wa kahawa wa Masama namna nchi yake inavyovuta mabenki na mitaji ya dunia: kodi ndogo, usajili wa siku moja, na mwenye kampuni hatajwi kamwe. M.N., iliyosajiliwa kwao, ilikuwa mfano wake.

Sote tuliijua. Misimu mitatu ilinunua kahawa yetu kwa bei ya kutupa, na mwenyekiti wetu, kaka yangu wa damu, alituapia kwamba wenyewe ni Wazungu asiowafahamu.

Lakini Ndelilio ni babu yetu, mimi na kaka. Mfongo huo ni mfereji wa maji aliouchimba kwa jembe lake, na nje ya kihamba chetu, shamba la ukoo, hakuna anayeuita kwa jina hilo.

Nilimtazama kaka. Kidole gumba chake kilikuwa kikibandua lebo ya chupa ya maji, polepole, ukingo kwa ukingo.

"Dada, ruka hayo majina," alisema akicheka. "Watu wana njaa."

"Usiruke!" mzee mmoja akadakia kutoka nyuma. "Anayetunyonya naye ana jina la ubatizo!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Mama alikaa kiti cha mbele, kiganja sikioni. Kiswahili cha mikutano humpita. Nikasogeza kipaza sauti, nikaanza kutafsiri kwa Kichagga, kuanzia majina hayo mawili.