Tonge la Mpishi

Katika mji ule, mgeni hagusi pilau ya harusi mpaka mpishi ale tonge la kwanza mbele ya watu. Ndiyo kinga yao dhidi ya sumu. Bi Mwatime alikuwa amekula matonge hayo kwa miaka ishirini. Leo tonge lilikuwa mkononi, lakini njaa hakuwa nayo.

Njaa ilibaki kwenye kichupa cha mafuta ya bangi kilichomponyoka na kuvunjika juzi. Alianza na matone matatu kwa siku, kwa ajili ya maumivu ya magoti. Sasa yalikuwa yamefika thelathini.

Tabibu alikwisha kumwonya. "Mama, mwilini mna makufuli, na mwili huchonga funguo zake wenyewe, za usingizi, za njaa, za kutuliza maumivu. Ukiuletea funguo za nje kila siku, mwili utaanza kuyang'oa makufuli. Ukiacha ghafla, hata njaa hutaisikia. Punguza polepole, yatarudi."

"Makufuli ya duka la nani?" alimjibu, akaenda zake.

"Dada, pilau inapoa," alisema mama wa bwana harusi. "Au leo unatuonea haya?"

Watu wakacheka. Bi Mwatime akalitia tonge kinywani, akatafuna, akatafuna tena. Koo likagoma. Jasho likamtiririka.

"Meza basi, shoga," mama yule akamhimiza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkono mmoja ukaondoka kwenye sinia, kisha wa pili. Bibi harusi aliikazia macho midomo ya mpishi, huku akilisukuma sinia lake mbali, kidogokidogo.