Pumzi ya Lemuel Gadsden

Mzee Lemuel Gadsden alisoma sentensi moja tu ya utangulizi ule, akaukunja ukurasa mara nne, akauchomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Umeandika 'alikuwa'," akasema. "'Alikuwa mpuliza saksafoni na mtunzi.' Binti, nani amekufa humu ndani?"

Odessa Pettway alikuwa bado anahema. Lifti ya jengo lile la Upande wa Kusini wa Chicago ilikuwa mbovu tangu Krismasi, naye alikuwa amepanda ghorofa nne nyuma ya mzee aliyebeba mifuko miwili ya sokoni huku akipiga mluzi njia nzima. Akatoa nakala nyingine mkobani. Anayeandika habari za wanamuziki hatembei na nakala moja.

"Ni namna ya kuandika tu, Mzee Gadsden."

"Ya kuandika makaburini."

Kilichomleta Odessa ni saini. Kampuni ilitaka kutoa kasha la diski sita, kazi ya mzee tangu ujana wake, pamoja na utangulizi wa kumjulisha kwa watu wasiomjua. Mzee alikuwa ameweka sharti moja: apewe siku moja studio, arekodi mambo mapya. Kampuni ilikataa katakata. Mtu wa miaka sabini na tisa, walisema, hana pumzi ya kuuza. Odessa alikuwa amekulia mtaa wa pili kutoka hapo, akilisikia jina la Gadsden mezani kwao kila Jumapili, na jibu lile lilimchoma. Lakini alikuwa mwandishi tu, hana sauti.

Mzee alimpakulia maharagwe na mkate wa mahindi bila kumuuliza kama ana njaa. "Haya, soma. Nataka kusikia nilivyokufa."

Akasoma, na alisoma vizuri, maana aliyaamini aliyoyaandika. Kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, Gadsden alijifungia kabatini kati ya makoti, ili majirani wasigonge ukuta kwa kelele, akarekodi wimbo uleule alioutunga akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ambayo jiji lilileta matingatinga kubomoa mtaa wao. Aliuita "Sitoki." Mashine ileile ya kurekodi aliyouziwa na kanisa moja, maikrofoni ileile, hata kanda zenyewe za shehena ileile aliyoinunua mara moja. Kutoka katika kanda hizo kampuni ilichagua mbili, ya kwanza na ya mwisho, zifungue na kufunga kasha.

"'Sikilizeni kanda ya mwaka 1951,'" Odessa alisoma. "'Hiyo ni pumzi ya simba kijana. Hakuna aliyevuka miaka thelathini anayeweza kupuliza hivyo. Anaivuta noti moja mpaka wewe msikilizaji unahema, kisha anacheka ndani yake, kama mtu aliyefukuzwa nyumbani akaenda kuketi sebuleni.'"

"Hapo umenena. Hebu rudia."

Akarudia. Mzee alisikiliza amefumba macho, kijiko kimesimama hewani.

"Na hii ya Machi mwaka huu, umeisemaje?"

Odessa alitamani kuiruka aya ile. "'Kanda ya mwisho inaumiza. Noti zinatetemeka, pumzi inakatika kabla wazo halijaisha. Ni mtu anayeaga.'" Akaishusha karatasi. "Kampuni sasa wanataka tuiondoe kabisa, mzee. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ibaki. Kwa heshima yako."

"Heshima! Heshima mpelekee mchungaji." Akasukuma sahani pembeni. "Nijibu hili. Ningekuwa napuliza kama huyo simba wako, wangenipa siku yangu studio?"

"Wangekupa wiki nzima. Mkuu wa kampuni mwenyewe, Bwana Kessler, kasema."

"Kasema, au kaandika?"

"Kaandika. Barua yake ninayo hapa."

"Nipe."

Odessa hakutaka kumpa, lakini akampa. Ilikuwa barua isiyo na huruma: *Angekuwa bado anapuliza kama kwenye kanda ya 1951, ningemlipia studio wiki nzima kesho asubuhi.* Mzee aliisoma bila miwani, midomo ikicheza taratibu. Akaikunja kwa adabu kubwa, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha akachukua kalamu, akatia saini orodha ya nyimbo, ruhusa na kila ukurasa wa utangulizi, haraka haraka.

Odessa alikuwa amekuja kutafuta saini zile, na sasa zilimkera. Alitaka mzee agome, apige meza, amtimue hata yeye.

"Kwa hiyo umekubali tu," akasema. "Sikutegemea utawaachia kirahisi hivi."

"Nimekubali kila ulichoandika. Ole wako ubadilishe hata neno moja. Rekebisha tarehe tu."

"Tarehe zipi?"

"Zile mbili. Kabla sijawapa zile kanda, nilizibadilishia maboksi. Huyo anayeaga ndiye mimi wa miaka kumi na tisa, matingatinga yananguruma nje na mdomo haunitii." Akarudisha sahani mbele yake. "Simba wako kijana nilimpuliza Machi hii, siku niliyotimiza sabini na tisa."