Aliyetaka Petroli

Alhamisi ya tarehe 14 Machi 2024, saa kumi na robo jioni, pikapu ya zahanati ya kijiji ilizima katikati ya korongo lililofurika. Nyuma yake alikuwa amelazwa Asteria, mke wa Maige, mguu umevimba kama gogo. Nyoka alikuwa amemgonga kwenye majaruba ya mpunga. Hospitali ilikuwa Kahama, na maji yalikuwa yameshafika kwenye bampa.

Charles, dereva, alizungusha ufunguo mpaka betri ikakata sauti.

"Plagi zimelowa, Baba Paskalia. Petroli ikikosa cheche, ndiyo basi tena."

"Ingekuwa dizeli?" Maige aliuliza.

Charles alifuta uso kwa kiganja. "Dizeli haihitaji cheche. Ingepita."

Asteria alikata roho kabla plagi hazijakauka.

Tangu siku hiyo Maige alibaki na neno moja: ingepita. Aliamka nalo, akalala nalo. Shule aliishia darasa la nne, lakini hesabu hii haikutaka shule. Pikapu ya zamani ilikuwa ya dizeli. Ilipochakaa, kamati ya zahanati ikakaa kuchagua nyingine, ikatoka na ya petroli. Petroli, katika nchi hii ya mbuga na matope! Watu wazima na ndevu zao walikunywa nini siku hiyo?

"Walikula cha juu," alimwambia kila aliyekuja na mawe yake ya dhahabu kuyasaga kwenye karasha lake, lile lililonguruma nyuma ya nyumba. "Wakubwa hawagongwi na nyoka, bwana. Nyoka anajua mguu wa maskini."

Karasha lenyewe siku hizi lilikuwa linasuasua. Zamani dizeli ilimfuata nyumbani, dumu zima kila Jumamosi, kwa bei ya kindugu. Sasa aliifuata mwenyewe Segese, akapanga foleni kituoni kama mtu asiye na kwao. Hilo nalo aliwaandikia wakubwa dhambi.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Asteria mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati ile, mwanamke peke yake kati ya wanaume sita. Maige alipomuuliza walichoamua, alijibu, "Ya kamati yanabaki kwenye kamati," akaendelea kupepeta mchele wake. Maige hakumlaumu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walimshinda kwa wingi, kisha wakamuua kwa uamuzi wao.

Mwaka mzima aliomba muhtasari wa kikao usomwe hadharani. Leo ufunguo wa kabati umepotea, kesho mtendaji yuko semina. Mwisho Eustace, mwenyekiti wa kijiji, alimfuata nyumbani.

"Maige, ndugu yangu, yaache. Mwache marehemu apumzike."

"Apumzike vipi, na waliomuua wananenepa?"

"Hakuna aliyemuua."

"Basi someni!"

Eustace alilitazama karasha, akaitazama ardhi, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo Maige alipokwenda sungusungu. Walinzi hao wa jadi hawana kabati wala semina. Bujiku, kamanda wao, alipuliza filimbi, na kijiji kizima kikakusanyika uwanjani, wanaume na fimbo zao, wanawake wamekaa kwenye kanga.

"Sema haja yako," Bujiku alisema.

Maige alisimama. Sauti ilimtoka kama kitu kilichooza kifuani muda mrefu. "Sitaki fidia. Sitaki ng'ombe wa mtu. Namtaka aliyetuletea petroli, na aliyemfanya aichague kama yupo. Atengwe! Asipewe moto, asipewe chumvi. Akifiwa azike mwenyewe, na akifa yeye fisi wamzike!"

"Hayo ni mazito, Baba Paskalia," Eustace alisema.

"Wewe yanakuuma nini? Unajijua?"

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Bujiku akainua fimbo. "Kijiji kimekubali. Jina likitajwa hapa leo, halirudi mdomoni. Na wewe mwenyewe, Maige, umekubali?"

"Nimekubali mbele ya Mungu na wahenga."

Rhoda, mtendaji, alifungua daftari.

"Kipengele cha tatu, uchaguzi wa gari. Wajumbe sita walipendekeza dizeli."

Mnong'ono ukapita uwanjani. Maige alikunja uso.

"Mjumbe mmoja alikataa, akataka petroli. Mjumbe Asteria Maige."

"Uongo!" Maige alipiga kelele. "Mmeandika jana hiyo! Mnamsingizia maiti!"

"Dole gumba lake hili hapa," Rhoda alisema taratibu, akimgeuzia ukurasa.

Maige alilitazama lile dole la wino. Kovu la jembe lilikuwa limelikata katikati, kama alivyolijua miaka ishirini na sita.

"Endelea," Bujiku alisema.

"Mjumbe Asteria alisema gari la dizeli linanyonywa mafuta kila Jumamosi, na mgonjwa akija anaambiwa tangi ni tupu. Alisema anayaona mafuta hayo kwa macho yake yakishushwa. Alisema afadhali petroli, maana karasha haliinywi. Wajumbe wakamkubalia."

Kule pembeni, Charles dereva alikuwa ameanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye.

Rhoda alisita.

"Maliza," Bujiku alimwamuru, na safari hii alisema kwa sauti ya chini.

"Umebaki mstari mmoja," Rhoda alisema. "Mwenyekiti akamuuliza: Mama Paskalia, mafuta hayo yanashushwa kwa nani?"